Kufuli la Zuleide

Siku ya uzinduzi Zuleide Cavalcanti aliamka na jambo moja tu moyoni, na jambo lenyewe halikuwa uzinduzi. Saa tisa alasiri gemu la Mata Fechada, yaani Msitu Uliofungwa, lingefunguliwa kwa Brazili nzima, bure kabisa, kila mwenye kompyuta aingie apigane porini mpaka achoke. Wenzake kumi na wanane pale ofisini Recife walikuwa wanaingoja hiyo saa tisa roho mkononi. Zuleide yeye aliiogopa saa moja jioni. Saa moja jioni kaka yake Erasmo alitakiwa awe amelazwa hospitali, na kesho yake asubuhi na mapema daktari angeondoa saratani kooni mwake, na pamoja na saratani angeondoa sauti yote. Kati ya saa tisa na saa moja kulikuwa na saa nne. Hizo ndizo zilikuwa saa za mwisho za Erasmo kusema kwa mdomo wake, naye alikuwa amekwisha kuzipangia kazi.

Erasmo alikuwa sajenti mstaafu. Miaka ishirini na miwili alilinda mpaka kule Amazoni, mahali ambapo posta ilifika kwa boti mara moja kwa mwezi, ikifika. Alikuwa na watu watano chini yake, na hao watano walikuwa wamemlea kuliko yeye alivyowalea, ingawa hakuna aliyethubutu kumwambia hivyo usoni. Sasa wote walikuwa na mvi na matumbo. Lindomar alikuwa Manaus akiuza matairi, Bento alibaki kulekule mpakani Tabatinga, na wengine watatu walitawanyika kila mmoja na mji wake. Miaka tisa walikuwa hawajakutana wote sita.

Zuleide alipomwambia kwamba wanatengeneza gemu la askari wa msituni, Erasmo alicheka, akauliza kama miti ni mirefu vya kutosha. Baadaye, majibu ya hospitali yalipotoka, akauliza swali jingine.

"Humo ndani watu wanasikiana?"

"Wanasikiana vizuri tu. Kikosi kimoja watu sita."

"Sita," alisema Erasmo, na tangu siku hiyo hakuna aliyemtoa kwenye mpango wake.

"Si uwapigie simu tu, kaka?"

"Nikimpigia Lindomar tutaongea mvua na mpira dakika mbili, halafu ataniuliza habari za afya. Nikimwambia, atalia. Nikimficha, atajua. Humo ndani tutakuwa na kazi, Zu. Mtu akiwa kazini hamuulizi mwenzake habari za koo."

"Na baadaye? Siku wakitaka kukusikia?"

"Baadaye nitakuwa nawaandikia. Lakini nataka niwatoe porini mara moja tena kwa sauti yangu, wote wazima. Na wewe uniapie kwamba huwaambii."

Zuleide akaapa. Angefanya nini? Kaka yake hakuwa mtu wa kuomba vitu.

Sasa lazima nieleze habari ya kufuli, maana bila hiyo mtu atadhani ni bahati mbaya tu, na bahati haikuwamo.

Kazi ya Zuleide ilikuwa kujibu wachezaji. Aliyeibiwa akaunti, aliyetukanwa, aliyesahau neno lake la siri, wote walimwandikia yeye. Na sisi watu wa huku tuna ugonjwa mmoja, hatuamini kufuli. Mtu akiambiwa mlango umefungwa haulizi kwa nini, anauliza nani ana ufunguo, na mwenye ufunguo atatafutiwa binamu yake, au jirani wa shangazi yake, mpaka apatikane wa kusema naye. Ugonjwa huo tunauita kujua kuishi, na tunauonea fahari. Miezi mitatu ya majaribio Zuleide alikiona cha mtema kuni. Bwana mmoja alimwandikia kwamba mkewe amefariki na anataka tu kuingia kwenye akaunti ya marehemu aone jina lake. Zuleide akatokwa na machozi, akamfungulia. Marehemu kumbe alikuwa muuguzi mzima wa afya, aliyekesha wiki kumi na mbili kupanda vyeo kwenye gemu, na yule mjane alikuwa mwizi. Muuguzi aliandika barua ambayo Zuleide aliisoma mara mbili, na baada ya hapo hakuisoma tena kwa sababu ilimtia aibu.

Kwenye mkutano wa wiki ile Zuleide alisimama, yeye ambaye hasimami, akagonga meza. Mtu akishindwa kuingia mara tano, akaunti yake ifungwe usiku na mchana, saa ishirini na nne kamili. Na asiwepo mtu wa kuifungua. "Asiwe Naira, asiwe Otávio, nisiwe mimi," alisema. "Sisi hatujui kusema hapana. Basi tuifundishe mashine." Otávio, mwenye ofisi, alimpigia makofi. Naira, fundi wa lango la kuingilia kwenye gemu, alilitengeneza kufuli kwa siku mbili, akalificha vizuri ili mwizi asijue kwamba ameshtukiwa: aliyefungiwa angeona maneno yaleyale ya kawaida, kwamba nafasi hakuna kwa sasa. Wote walilala usingizi mzuri usiku ule.

Hakuna aliyeuliza mashine itahesabu nini kuwa ni kushindwa.

Saa tisa ikafika. Walikuwa wamejiandaa kupokea watu elfu ishirini. Ndani ya dakika kumi walikuja laki moja na elfu arobaini, kutoka kila kona ya nchi, wakaligonga lango wote kwa pamoja, na lango likaanguka. Naira aliliinua, likaanguka tena. Otávio alienda chooni na kukaa huko dakika kadhaa, na aliporudi macho yalikuwa mekundu na hakuna aliyemtania. Nje mvua ya Juni ilikuwa inamwagika, na mezani kulikuwa na sufuria ya uji mtamu wa mahindi ambao mama yake Otávio alileta kwa ajili ya sherehe. Hakuna aliyeugusa.

Ujumbe ulimiminika kwa Zuleide kama mchanga. "Nimebisha hodi kwenu mara nyingi kuliko nilivyombembeleza mke wangu, na mke wangu alikubali." "Gemu ni la bure na bado najiona nimeibiwa." "Dada, niambie tu kama mko hai." Zuleide alikuwa na jibu aliloliandika wiki moja kabla, jibu zuri, la upole, la kutia moyo: Askari, lango lina msongamano. Tafadhali jaribu tena baada ya dakika moja. Usikate tamaa. Alibonyeza likaenda kwa watu mia. Akabonyeza likaenda kwa mia nyingine. Kufika saa kumi alikuwa amewatumia watu elfu nne na zaidi.

Mapema, saa tisa na dakika nne, simu yake ilikuwa imeita. Sauti ya Erasmo ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo, ilimtoka kwa shida.

"Mlinzi wa lango lenu kalala?"

"Watu wamekuwa wengi, kaka. Jaribu tena."

"Nimewapa vijana amri. Kila dakika moja, wote kwa pamoja, bila kuacha. Lindomar anahesabu."

Vijana wenyewe mdogo wao alikuwa na miaka hamsini na moja.

"Vizuri," alisema Zuleide. "Endeleeni hivyohivyo."

Alisema hivyo kwa kinywa chake, na kwa moyo mkunjufu. Na wale walikuwa askari. Mtu mwingine angejaribu mara mbili akachoka, akaenda kupika chai. Hawa waliambiwa kila dakika, wakafanya kila dakika.

Saa kumi na nusu lango lilianza kusimama. Naira aliongeza seva, akapunguza hiki, akazima kile, hata kufungua akaunti mpya, na namba za walioingia zikaanza kupanda. Watu wakapiga mayowe ofisini. Naira peke yake hakupiga. Alikuwa anatazama namba nyingine, chini kabisa ya kioo cha kompyuta, ambayo haikuwa inashuka.

"Zuleide, hebu njoo hapa."

Zuleide akaenda.

"Watu elfu tisini wanagonga na lango haliwaoni kabisa. Si kwamba wanakosa nafasi. Nafasi ziko tele."

"Wana nini?"

"Wamefungwa."

"Nani kawafunga?"

"Wewe," alisema Naira. "Kila lango lilipoanguka na mtu yuko mlangoni, mashine ilimhesabu kwamba ameshindwa. Mara tano, kufuli."

Zuleide aliielewa yote kwa mara moja, akatamani asingeielewa. Waliokata tamaa mapema, wakaenda kula na kurudi saa kumi na nusu, walikuwa wanaingia sasa bila shida, tena wanacheka. Waliofungiwa nje ni wale waliotaka sana. Ni wale aliowaambia wajaribu tena. Aliandika jina la akaunti ya kaka yake. Imefungwa, mashine ilijibu. Itafunguliwa kesho, saa tisa na dakika tano. Akaandika ya Lindomar. Kesho, saa tisa na dakika tano. Akaandika ya Bento, na za wale watatu. Wote dakika ileile, kwa sababu walikuwa wamegonga kwa pamoja kama walivyoamriwa.

"Nifungulie sita," alimwambia Naira. "Sita tu. Kaka yangu kesho anakatwa koromeo. Hatakuwa na sauti."

Naira alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, mwepesi wa kucheka, na sasa uso wake ulikuwa umesawijika. "Ningekuwa na ufunguo ningekupa, dada. Ulituambia usiwepo. Nilifanya kazi vizuri mno." Akaeleza njia iliyobaki: kufuta orodha nzima ya waliofungwa, na ili kuifuta ni lazima lango lishushwe chini, watu elfu sitini waliokwisha kuingia watupwe nje. "Na nikilishusha, sijui kama litainuka tena leo. Nakwambia ukweli, sijui."

Wakaenda kwa Otávio. Huyu hakuwa mtu mbaya, nami nisingependa aonekane mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunika uso kwa viganja.

"Zuleide, hawa elfu tisini kila mmoja ana nduguye wa kumwombea. Wewe ndiye uliyetuambia."

"Mimi najua nilichosema."

"Miaka minne tumelitengeneza. Limesimama sasa hivi, nusu saa haijatimia. Nikilishusha kwa ajili ya mtu mmoja, hawa wengine kumi na saba niwaambie nini?"

Kilichomuuma Zuleide zaidi ni kwamba angekuwa yeye Otávio, naye angekataa. Alichukua mkoba wake akatoka mvuani.

Teksi ilimfikisha Casa Amarela, mtaa wa Erasmo, saa kumi na mbili kasorobo. Begi la hospitali lilikuwa limewekwa mlangoni, limefungwa vizuri, viatu vya ndani juu yake. Erasmo alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, amevaa vipokea sauti, amenyoa ndevu, amevaa shati la pasi. Kidole kilikuwa kinabonyeza. Alitazama saa ya mkononi, akangoja, akabonyeza tena.

"Acha, kaka," alisema Zuleide. "Acha, hakufunguki."

Akamweleza. Hakujitetea, alimweleza kila kitu, muuguzi na mjane wa uongo, mkutano, mara tano, saa ishirini na nne. Erasmo alisikiliza bila kumkatiza, na mwisho akavua vile vipokea sauti, akaviweka mezani taratibu.

"Na hata wewe huwezi kulifungua."

"Hakuna anayeweza."

"Basi hilo ni kufuli kweli," alisema, akacheka kicheko kilichoishia kwenye kikohozi. "Kule mpakani sikuwahi kupata kufuli kama hilo. Kila nikifunga ghala, Bento ana binamu."

Afadhali angemtukana. Zuleide alipiga magoti pembeni ya kiti, akamwambia kwamba wafanyakazi wana akaunti yao, kwamba anaweza kumwingiza yeye sasa hivi, saa nzima bado ipo.

"Na vijana wataingia?"

"Hapana."

"Niende nikafanye nini peke yangu, nipige miti risasi?"

"Basi wapigie simu. Nakuomba, kaka. Wapigie uwaambie."

Erasmo akachukua simu. Akampigia Lindomar, akaweka simu mezani ili wote wawili wasikie.

"Sajenti," alisema Lindomar, "gemu la dada yako ni la kijeshi kweli. Tumekaa foleni tangu mchana na hatujaona chakula."

"Wewe chakula unacho tumboni cha miezi sita. Manaus kuna mvua?"

"Inanyesha tu. Huko?"

"Hata huku. Timu yako imefungwa tena, nimesikia."

"Usiniguse hapo, sajenti, bado kuna kidonda." Lindomar alicheka. "Sauti yako ina nini? Mbona kama umemeza msumeno?"

Erasmo alifungua mdomo. Alikaa na mdomo wazi, macho yameganda kwenye simu, na Zuleide aliona maneno yamefika mpaka kwenye meno. Kaka yake, ambaye aliwahi kuwaambia wazazi watatu kwamba watoto wao wamekufa mtoni, hakuweza.

"Mafua," alisema. "Mvua hii. Sikiliza, Lindomar. Kesho lango linafunguka saa tisa na dakika tano, saa za huku. Waambie wenzako. Muwe pale wote watano, mjipange, mnisubiri. Msianze bila mimi."

"Sawa, sajenti."

"Msitawanyike."

"Lini tulitawanyika?"

"Haya," alisema Erasmo. "Haya basi." Aliichukua simu mezani, akabaki ameishika hata baada ya Lindomar kukata.

"Kwa nini umewaambia kesho?" Zuleide aliuliza.

"Sijui," alisema kaka yake. "Limenitoka tu. Nimezoea kuwapa amri, sijazoea kuwapa habari."

Ndani ya gari mpaka hospitali alisema mambo mawili matatu, ya ufunguo wa nyumba na ya bomba linalovuja. Zuleide alijaribu kuishika ile sauti kichwani, namna inavyopanda na namna inavyokwaruza, lakini kila alipoisikiliza kwa makini alisikia habari za bomba tu.

Upasuaji ulikwenda vizuri, ndivyo daktari alivyosema kesho yake saa tano. Erasmo alikuwa amelala na mpira wa kupumulia shingoni, na wauguzi wakasema hakuna kumwona mpaka jioni. Zuleide hakuweza kukaa kwenye lile benchi. Akaenda ofisini, ambako walikuwa wanaimba, kwa sababu lango lilikuwa limesimama usiku kucha na watu laki mbili walikuwa wameingia. Naira alimkumbatia.

Wahudumu wa wachezaji wanaruhusiwa kusikiliza maongezi ya uwanjani ili kunasa wenye matusi. Ilipotimia saa tisa na dakika tano makufuli ya jana yakaanza kufunguka kwa maelfu, na Zuleide akavaa vipokea sauti. Hakuwatafuta kwa muda mrefu. Majina matano yaliingia dakika ileile.

"Sajenti, tumefika," alisema Lindomar. "Watano kamili."

"Jina lake silioni," alisema mwingine, na kwa lafudhi ya mpakani Zuleide alimjua kuwa ni Bento.

"Atakuja."

"Amechelewa."

"Huyu? Huyu hakuchelewa hata siku ya kumzika mama yake. Anatupima, anataka aone nani wa kwanza kuvunja mstari. Nyamazeni."

Wakanyamaza. Kwenye kioo Zuleide aliwaona, askari watano wamejipanga mbele ya lango la kambi, bunduki zimeelekea chini, na wachezaji wengine wanapita mbio pembeni yao wakiwacheka na kuwauliza kama wameganda. Mmoja aliwarushia bomu la moshi. Hawakutikisika.

Zuleide aliweka kidole kwenye kitufe cha kusema. Sentensi ilikuwa tayari, fupi, isingechukua hata pumzi moja. Lakini alikuwa ameapa, na aliyemwapia hakuwa na sauti ya kumwondolea kiapo. Akakitoa kidole. Akakirudisha. Machozi yalikuwa yanamdondokea mikononi na hakuyapangusa. Zikapita dakika kumi, zikapita ishirini, na mstari wa wale wazee haukuvunjika.

Dakika ya arobaini ilipokuwa inakaribia, mmoja wao alikohoa.

"Lindomar," alisema Bento kwa sauti ya chini. "Jana ulipoongea naye, sauti yake ilikuwaje?"

Zuleide alivikaza vipokea sauti masikioni kwa mikono miwili.

"Alisema tumsubiri," alisema Lindomar.